Siku moja tu: Abu Dhabi au tubaki Dubai?

Binti_Tanga
Habari zenu jamvini. Desemba tunarudi kutoka Umra na tuna siku moja nzima Dubai, tutalala Deira. Kijana wangu wa miaka 15 haongei kingine ila Formula Rossa, ile treni ya kasi ya Ferrari World, bustani ya michezo ya Abu Dhabi. Mama, miaka 68, anataka kuuona msikiti wa Sheikh Zayed, huko huko Abu Dhabi. Mimi, sitaficha, nataka bangili. Binamu anasema Abu Dhabi tuachane nayo, tupande Burj Khalifa, mtoto apelekwe IMG, bustani ya michezo ya Dubai, yaishe. Mliofika mnasemaje?

ChumaKavu
Kijana apewe haki yake. Ile treni inafika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano hivi, unavalishwa miwani kabisa. IMG nayo nimeingia: karibu yote iko chini ya paa na viyoyozi, kwa Julai ni mkombozi. Treni yao ya Velociraptor inafika kilomita 100 kwa saa. Si mbaya, lakini Desemba unakimbia jua gani?

Kisauni_Kwetu
Mie napinga kuchanganya. Kutoka Dubai hadi Abu Dhabi ni kama kilomita 140. Mwaka juzi tulichukua matembezi ya kampuni, basi likazunguka hoteli moja baada ya nyingine kuokota watu. Tulipofika msikitini tukapewa dakika arubaini. Arubaini! Viatu kuvua na kuvaa tu zimekwisha kumi.

Mswahili_Muscat
Dada, binamu yako anapima kwa bei ya tiketi, apime kwa magoti ya mama. Burj Khalifa ni mita 828 na lifti inakupandisha, sawa, lakini kule juu mama ataangalia nini ambacho hajakiona kwenye simu ya mjukuu?

Nendeni Abu Dhabi, ila kwa gari la kukodi na dereva, si basi la kundi. Anzeni na msikiti asubuhi. Kuingia ni bure, mnajiandikisha mtandaoni kabla. Njia kutoka getini ni ndefu, kuna vigari vidogo vya umeme vya kubeba wazee. Ulizieni, msione haya. Kutoka hapo Ferrari World si mbali. Kijana aende Formula Rossa kwanza, foleni nyingine baadaye.

Jioni rudini Deira. Maduka ya dhahabu huwa wazi hadi usiku. Bei ya gramu inafuata soko la siku hiyo, hapo huna la kubishana. Kinachopatanwa ni malipo ya ufundi, na hapo ndipo wanapokupiga. Uliza ufundi peke yake, tembea maduka matatu, ndipo utoe pesa. Duka likiwa kwenye mpango wa kurudishiwa kodi ya asilimia 5, pasipoti uwe nayo, na uwanja wa ndege thibitisha ununuzi wako kabla ya kukabidhi mabegi.

Kisauni_Kwetu
Kwa gari la kukodi nakubali. Lakini huyo mama apumzike hotelini jioni, sokoni msimburute.

Binti_Tanga
Nimemsomea mama. Kasema msikiti sawa, kupumzika hotelini hataki, naye ana bangili yake anayoitafuta. Kumbe mwenye hamu ya bangili si mimi peke yangu. Dereva wa kutwa nzima mnapatana naye vipi, kwa saa au kwa safari?

ChumaKavu
Kwa kutwa, na petroli ndani yake. Kijana asile biriani kabla ya Rossa.