Naomba ushauri: waamuzi wa mbio za farasi wananichanganya

Wadau, habari za leo. Nipo Dubai kikazi. Msimu wa Meydan, uwanja wa mbio za farasi wa hapa, ukiisha na joto kuanza, nahamia kutazama mbio za Uingereza na Marekani kwenye simu (kamari sichezi, msinihubirie). Shida yangu ni waamuzi. Kentucky Derby ya 2019, mbio kubwa za Marekani, farasi Maximum Security alimaliza wa kwanza, wakamshusha hadi wa 17 kwa kuwazibia wenzake njia, ushindi akapewa farasi mwingine, Country House. Uingereza mshindi haporwi ushindi kama aliyezibiwa asingempita hata hivyo, labda mpanda farasi awe ameendesha kwa hatari. Mimi naona huo wa Uingereza ndio uamuzi wa haki, ila jamaa zangu wananibishia sana. Nyie mnaofuatilia nchi zote hizo, mnazizoeaje sheria kila msimu ukigeuka?