Mgongo umemkamata mama, na mwani hataki kuuacha

Binti Jambiani
Assalaam aleykum jamani. Mama yangu analima mwani hapa Jambiani. Tangu bamvua lililopita, maji yalipojaa na kutoka sana, kiuno kimemkamata, maumivu yanashuka takoni mpaka gotini, na shingo imekaza kwa kujitwika. Akitaka kuinuka lazima ashike ukuta. Jirani kasema alazwe juu ya ubao wiki nzima. Nimsikilize?

Mzee wa Chwaka
Waaleykum salaam mwanangu. Ubao ndio dawa. Na apatikane mtu wa kumchua, ampande kiunoni kwa miguu.

Fizio wa Mjini
Mzee wangu, niwie radhi, kukanyagwa nakataa kabisa. Maumivu yakishuka mguuni huenda mshipa wa fahamu umebanwa, na uzito juu yake utamzidishia. Kulala wiki nzima kunadhoofisha misuli. Akizidiwa apumzike siku moja au mbili, kisha atembee kidogo kidogo uani, mara kadhaa kwa siku.

Binti, muulize mama bila haya: haja ndogo inamtoka bila kuweza kuizuia? Ana ganzi baina ya mapaja? Mguu unalegea? Ana homa, au alianguka? Likiwepo hata moja, hospitali leo leo.

Kama hana, alale chali, akunje magoti, avute goti moja kifuani taratibu, alishushe, kisha la pili. Misuli ikivutika kidogo si neno. Maumivu yakizidi kuteremka mguuni, aache. Shingo aigeuze polepole kulia na kushoto, asiizungushe.

Mama Paje
Mwanangu, kinachotumaliza ni kuinama. Mbegu za mwani azifunge kwenye kamba nyumbani, amekaa kwenye kiti chenye egemeo, kamba yenyewe iko mezani mbele yake. Baharini aende kufunga kamba kwenye vigingi tu, tena apige goti moja mchangani. Gunia likitoka majini liacheni lichuruzike kwanza, halafu mgawane. Lile lililojaa maji asijitwike tena, hata akikwambia amezoea. Mama zetu wabishi, simama naye.

Binti Jambiani
Ahsanteni sana. Nimemuuliza, ganzi hana, na haja anaweza kuizuia. Swala je? Akirukuu machozi yanamtoka.

Fizio wa Mjini
Aswali amekaa kwenye kiti, mgonjwa ana ruhusa. Goti kifuani afanye asubuhi na jioni. Wiki mbili zikipita bila nafuu, mlete hospitali ya Mnazi Mmoja, kitengo cha fiziotherapia (tiba ya viungo), apimwe nguvu za mguu.