Daku na Mkanda wa Cody

*Kikundi: UKOO WETU TANGA. Jumatatu, 8 Aprili 2024*

Zuhura: CODY RHODES KAMPIGA ROMAN REIGNS, KACHUKUA MKANDA WA MIELEKA WA WWE!!! Jamani nimelia, wallahi nimelia

Zuhura: Shikamooni wakubwa zangu. Samahanini kwa kelele za asubuhi

Mjomba Bakari: Marahaba. Ah, Zuhura! Mimi nimelala baada ya daku nikisema nitaangalia marudio mchana

Zuhura: Nisamehe mjomba, sikuweza kukaa nalo

Saidi Maskati: Mimi sijalala kabisa. Huku ilianza saa tisa usiku. Nimekula daku Seth na Drew wakiwa ulingoni. Mikono inatetemeka hadi sasa

Mjomba Bakari: Basi semeni yote, maana limeshaharibika. Roman kapigwa kihalali?

Saidi Maskati: Hapakuwa na sheria mjomba. Usiku wa kwanza wa WrestleMania The Rock na Roman waliwashinda Cody na Seth, na The Rock ndiye aliyemlaza Cody. Kwa hiyo usiku wa pili pambano la mkanda likapigwa kwa kanuni za Bloodline, lile kundi la Roman na ndugu zake: viti ruksa, ndugu kuingilia ruksa

Zuhura: Wakaingilia kweli. Jimmy Uso akaja kumsaidia Roman, Jey akaja kumzuia pacha wake. Solo akaja. John Cena akaja! The Rock akaja! Halafu taa zikazimika, kengele ikalia…

Mjomba Bakari: Usiniambie Undertaker

Zuhura: UNDERTAKER. Kamkaba The Rock koo, kamnyanyua, kambwaga chini

Mjomba Bakari: Allahu Akbar. Na mimi nimelala

Shangazi Mwanaidi: Funga njema wanangu. Nimeona ujumbe 40 nikadhani kuna msiba. Ni mieleka? Si mnajua wale wanapangiwa nani ashinde?

Saidi Maskati: Shikamoo shangazi. Mshindi anapangwa, ni kweli. Mwili haupangwi. Mwaka 2022 huyu Cody alipanda ulingoni msuli wa kifua umekatika, kifua kizima kimevilia damu, na akapigana na Seth Rollins ndani ya kizimba mpaka mwisho. Nilishindwa kutazama

Mjomba Bakari: Na hapo ndipo mimi nampendea Seth. Walikuwa maadui wale. Cody kamfunga mara tatu mwaka ule. Mwaka huu kasimama naye dhidi ya Bloodline

Zuhura: Mjomba, ngoja nikwambie ya Seth. Ameanza usiku kwa kunyang'anywa mkanda wake na Drew McIntyre. Mtu mwingine angeenda kulala hotelini. Yeye karudi kwenye pambano la mwisho amevaa nguo za Shield, kundi lake la zamani na Roman, zile nyeusi

Mjomba Bakari: Za Shield!

Zuhura: Roman ana kiti mkononi. Cody yuko hoi pale mbele yake, Seth yuko pembeni. Amalize kazi kwa Cody, ama alipe kisasi cha 2014, Seth alipompiga kiti cha mgongo na kuvunja kundi lao? Kamgeukia Seth. Kampiga kiti cha mgongo vilevile

Saidi Maskati: Na akapoteza mkanda kwa hicho kiti. Cody akapata nafasi ya kupumua, akampiga pigo lake la Cross Rhodes mara tatu mfululizo. Moja, mbili, tatu, kwisha. Siku 1,316 za ubingwa

Mjomba Bakari: Miaka kumi amelala na kinyongo kifuani. Mimi namwelewa Roman, lakini ameniuma

Shangazi Mwanaidi: Mbona huyo The Rock anampigania Roman? Ni nani kwake?

Saidi Maskati: Ndugu shangazi, wote wana asili ya Samoa. Babu wa The Rock, Peter Maivia, waliapiana udugu wa damu na babu wa Roman. Kama undugu wa kuchanjiana wa wazee wetu

Shangazi Mwanaidi: Basi huo ni undugu kamili. Hapo amefanya lililompasa

Zuhura: Shangazi usimtetee! Mwezi uliopita kule Chicago alimtoa Cody damu nje mvuani, akaipaka kwenye mkanda wa kiunoni aliotaka kumpelekea mama yake Cody. Mama mzazi!

Shangazi Mwanaidi: Hapo kakosea sana. Mama wa mtu haguswi

Zuhura: Na ni mjane shangazi. Baba yake Cody, Dusty Rhodes, alifariki 2015. Mwaka 1977 alimshinda bingwa pale Madison Square Garden, lakini kwa kuhesabiwa nje ya ulingo, na mkanda haubadiliki mikono kwa namna hiyo. Hakuwahi kuupata mpaka anakufa. Ndiyo maana Cody anasema anamalizia hadithi

Shangazi Mwanaidi: Dusty… Si yule bonge wa nguo nyeusi zenye madoa ya njano? Aliyekuwa akicheza kiuno ulingoni?

Saidi Maskati: Ndiye huyohuyo!! Umemjulia wapi?

Shangazi Mwanaidi: Kwa baba yenu. Alikuwa akikodi kanda za video, anatujaza sebuleni sote. Wenzake wakimshangilia Hulk Hogan, yeye ni yule bonge tu. Anasema huyu ni kama sisi, hana umbo la bingwa lakini watu wanampenda

Mjomba Bakari: Kweli kabisa. Shemeji alikuwa akiigiza na ule mchezo wa viwiko

Saidi Maskati: Sikuwahi kulijua hili

Zuhura: Wala mimi. Nilikuwa mdogo mno

Zuhura: Miaka yote hii namshabikia mtoto wa mtu aliyependwa na baba

Shangazi Mwanaidi: Allah amrehemu kaka yangu

Mjomba Bakari: Amina

Saidi Maskati: Amina

Shangazi Mwanaidi: Huyo mama mjane alikuwepo?

Zuhura: Alikuwepo. Aliingia ulingoni baada ya pambano. Ngoja nikutumie picha

Zuhura: 📷 *Picha*

Shangazi Mwanaidi: Nimeiona. Alivyomshikilia mwanawe!

Shangazi Mwanaidi: Zuhura, leo ufuturu kwangu. Uje na simu yako ikiwa na chaji, uniwekee tangu mwanzo

Mjomba Bakari: Na mimi nakuja. Nitaleta tende