Mbegu mlizookoa wakati wa vita: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu, habari ya Leningrad, mji wa Urusi ambao leo unaitwa St. Petersburg, hainitoki kichwani. Mji ulizingirwa kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, na katika taasisi ya mtaalamu wa mimea Nikolai Vavilov kulikuwa na akiba ya mbegu kutoka kila pembe ya dunia. Watunzaji waligoma kuzila. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga, alikufa kwa njaa huku amezungukwa na pakiti za mpunga. Vavilov mwenyewe alifia gerezani mwaka 1943.

Sisi, vita vilipotufika, mbegu zetu tulizila. Tulikuwa watoto watano. Bado namwona mama akichambua maharage ya mbegu, punje moja moja, kisha akatia yote chunguni, isipokuwa konzi moja. Je, ninyi mliokoa nini, na kwa njia gani?

Mchangiaji wa 1:
Pole sana ndugu. Bibi yangu alishonea mbegu kwenye upindo wa gauni: maboga upande mmoja, vitunguu upande wa pili. Tulikaa ukimbizini miaka mitatu. Aliporudi akapanda. Maboga yaliota karibu yote. Vitunguu havikutoa hata jani, na bibi alilia. Baadaye nikajifunza kuwa mbegu ya kitunguu huchoka upesi, mwaka mmoja au miwili tu, hata ukiitunza vizuri.

Mchangiaji wa 2:
Maharage: majivu. Basi.

Mwanzisha mada:
Kiasi gani, mkuu?

Mchangiaji wa 2:
Samahani, nilikuwa na haraka. Chekecha majivu yaliyopoa kabisa. Mbegu ziwe kavu, uking'ata punje jino lisizame. Changanya kwenye chupa mpaka punje zisigusane, ziba kwa nta. Fukusi hawakuzigusa.

Mchangiaji wa 3:
Mimi kambini nililima kwenye magunia, nikimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Mbegu nilipewa na jirani ambaye sikujua hata lugha yake. Ndiyo maana nafurahi nikisikia habari za ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha maeneo makavu: vita vilipowatenga na ghala lao la mbegu karibu na Aleppo, Syria, mwaka 2015 waliomba nakala za mbegu walizokuwa wameziweka Svalbard, kwenye ghala la akiba la mbegu za dunia huko Norway, wakazipanda upya Lebanon na Moroko.

Ndugu mwanzisha mada, ile konzi iliishia wapi?

Mwanzisha mada:
Sijui. Mama bado yu hai, na sijawahi kumuuliza. Nampigia jioni hii.