Peni ya 1936 yenye tundu: herufi zimejirudia, ni kosa la kiwandani?

Langoni: Nina peni (sarafu ya senti kumi) ya Afrika Mashariki ya 1936, ya EDWARDVS VIII, yaani Mfalme Edward VIII wa Uingereza, yenye herufi H. Herufi za jina zinaonekana mara mbili, tundu limekaa upande, na kuna mstari kutoka ukingoni hadi tunduni. Nitajuaje kilichotoka kiwandani? Niisafishe kwanza?

Mkomani: Usiisafishe, tafadhali! Ndimu na majivu ya kung'arishia sinia huondoa ngozi ya shaba, yaani ile rangi ya ukale iliyoganda juu yake, na haitarudi tena.

Chukua lenzi ya fundi saa, ya mara kumi, mwanga uingie kwa ubavu. Angalia ncha za E na D. Chapa, yaani chuma kinachopigia sarafu, ikiwa yenyewe imechongwa mara mbili, kila herufi huwa na mwenziwe aliyeinuka na kuviringana vilevile, na pembe za herufi hugawanyika kwa mkato mdogo. Hiyo ndiyo ya kutafutwa. Kama kivuli ni bapa kama kidaraja, kiko chini kuliko herufi na kimeifanya herufi yenyewe kuwa nyembamba, basi chapa ilitikisika tu wakati wa kuachana na sarafu. Hilo hutokea mno, wala haliongezi bei.

Mstari, uguse kwa ukucha. Ukiwa umeinuka, chapa ilipasuka na shaba ikajaa ufa. Ukiwa umezama, ni mkwaruzo.

Shela: Kuhusu tundu: kingo zake ziwe laini. Ukiona mizunguko ya keekee au shaba iliyofumuka, limetobolewa au kupanuliwa baadaye, pengine ili livaliwe shingoni.

Na ndugu, H si kosa. Ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham; KN ni kiwanda cha King's Norton; isiyo na herufi ni ya London. SA, ya Pretoria, utaikuta kwenye za 1943. Edward VIII alijiuzulu Desemba 1936, hivyo watu hudhani peni zake ni adimu. Si adimu, zilichapwa na viwanda vyote vitatu vya Uingereza.

Langoni: Shukrani. Mizani ya sonara imeonyesha gramu 11 na kidogo, na peni yangu nyingine ya 1945 gramu 9.5. Hiyo ya pili imepungua?

Mkomani: La, za wakati wa vita zilifanywa nyembamba. Ihifadhi kwenye karatasi kavu. Mifuko laini ya plastiki pamoja na chumvi ya pwani huleta kutu ya kijani.