Naombeni ushauri: naunganisha ndege Doha, wavutaji wanavutia wapi?

Mtaa wa Kongo: Wakuu, heshima mbele. Wiki ijayo natoka Dar kwenda Guangzhou kufuata mzigo. Naunganisha ndege Doha na nitalala palepale uwanjani mpaka asubuhi. Mimi ni mvutaji, sifichi. Dar hadi Doha tu ni karibu saa sita angani, na kipande cha pili ni kirefu zaidi. Pale mtu anavutia wapi? Ni lazima utoke nje? Wenye uzoefu tu, tafadhali, utani tuuweke kando.

Kidagaa Mkavu: Nimekaa siti ya mbele, nasubiri wenye pasipoti zilizojaa mihuri. Sisi wa basi la Mbeya tunavuta gari likisimama watu wachimbe dawa.

Mama Wawili: Mdogo wangu, acha tu hiyo kitu. Kaka yangu naye alikuwa wa "nitaacha nikirudi safari". Karudi safari zote, kikohozi hakijarudi kwao. Hela ya fegi ungeongezea mtaji.

Anga Saba: Mama Wawili, hajauliza hilo. Mkuu, uwanja wa Hamad una vyumba vya kuvutia ndani, upande wa abiria wanaounganisha. Hupiti uhamiaji, unafuata tu alama ya sigara. Ukiingia humo, hata usipowasha umeshavuta. Dubai navyo vipo. Usidhani ni kila mahali, Heathrow ya London ukishapita ukaguzi ndiyo basi. Halafu ukirudi kutoka China usibebe kiberiti cha gesi, si mfukoni wala kwenye begi. Wamekataza tangu 2008. Sasa niambie, unavuta sigara au vile vidude vya kuchaji?

Mtaa wa Kongo: Kwani kuna tofauti? Wote si wavutaji?

Anga Saba: Ipo. Jibu.

Mtaa wa Kongo: Ni vepu. Ninazo mbili. Lakini ule ni mvuke, haunuki. Nilikuwa nawaza hata choo cha ndege, dakika moja tu, nani atajua?

Fundi Redio: Kitajua king'ora. Vile vifaa vya chooni vinanasa mvuke pia. Ngoja niwape historia. Julai 1973 ndege ya Varig ilitoka Rio kwenda Paris, ikashika moto chooni ikiwa imekaribia kabisa kutua uwanja wa Orly, Paris. Rubani akaishusha shambani. Watu 123 wakafa, wengi kwa moshi. Kilichoshukiwa ni kichungi cha sigara kwenye pipa la taka. Ndiyo maana mpaka leo mlango wa choo cha ndege una kisahani cha majivu ingawa kuvuta ni marufuku: mkaidi akishawasha, angalau asizimie kwenye karatasi. Mimi nilisomea redio za meli, ndege nilizipenda tu, ila mzee wangu aliniambia…

Kidagaa Mkavu: Fundi, hiyo ya mzee wako ifungulie uzi wake.

Mlinzi wa Zamu: Ndugu, mimi ni Mkenya, nafanya kazi hapa Doha. Qatar hawaruhusu vepu kuingizwa wala kuuzwa. Kama unabaki ndani ya uwanja hiyo ni hesabu nyingine, lakini usidanganyike kutoka nayo uende mjini kuona soko la Souq Waqif. Forodha watakuuliza na huna jibu. Kwa hicho chumba, beba sigara ya kawaida. Hata hivyo, tangu 2019 tumbaku huku ina kodi ya asilimia mia, mimi niliacha kwa sababu ya mfuko, si mapafu.

Anga Saba: Asante, mlinzi. Mleta uzi, hizo vepu umezipanga wapi?

Mtaa wa Kongo: Begi kubwa. Nimeshafunga na kufuli.

Anga Saba: Begi la kukabidhi? Kwa nini?

Mtaa wa Kongo: Sikutaka kuliongelea. Nasafiri na baba mkwe. Mtaji ni wake, na kwake mimi niliacha sigara kabla ya ndoa. Kwenye ukaguzi wa begi la mkononi ataona kila kitu. Na kusema kweli sigara nimeacha, vepu si sigara. Kwa hiyo begi kubwa ni uamuzi wa busara tu, sioni tatizo.

Fundi Redio: Tatizo ni betri. Ikiwaka juu kwenye viti, wahudumu wanaizima. Ikiwaka chini kwenye mizigo, nani yuko huko? Toka 2015 vepu ni za begi la mkononi au mfukoni tu, tena zikiwa zimezimwa.

Chai ya Rangi: Jamani, mnanyweshwa chai. ID hii mwezi wa tatu iliomba ushauri wa kumtongoza dada wa kibanda cha miamala. Leo ana baba mkwe mwenye mtaji wa China?

Mtaa wa Kongo: Yule dada ndiye mke wangu sasa.

Chai ya Rangi: Mahari ulipeleka kwa mwendokasi? Halafu umesema uliacha kabla ya ndoa. Mwezi wa tatu uliandika hapahapa kwamba dada kakukataa kwa harufu ya sigara. Weka tiketi, ficha jina.

Mtaa wa Kongo: Siwezi kuweka tiketi, baba mkwe ana watu humu.

Kidagaa Mkavu: Chai ina tangawizi hii 😂

Mama Wawili: Mimi namwamini. Wanaume wa harufu ya sigara huwa wana haraka ya kuoa.

Anga Saba: Chai au si chai, anayesoma na anasafiri kweli azitoe kabla ya kukabidhi begi. Wakiziona kwenye mashine, jina litakalotangazwa ni lako, na mkwe yuko pembeni. Duka la dawa ulizia bigijii za nikotini. Hizo hata akiziona ni bigijii.

Mtaa wa Kongo: Na nikimpa mkwe anishikie kifurushi bila kujua kilichomo?

Mlinzi wa Zamu: Ndugu!

Mama Wawili: Kwani mzigo wenyewe ni wa nini? Kama ni vyombo, naomba bei ya sufuria zisizoshika chakula.