Naomba ushauri: kitanda cha kuvuta mgongo kwa diski iliyotokeza

Dereva wa Tunduma:
Habari zenu, wanajamvi. Mimi ni dereva wa lori mwenye umri wa miaka 43, na safari zangu ni za Dar es Salaam na Tunduma. Tangu mwezi wa tatu nina maumivu ya kiuno yanayoshuka tako la kushoto na nyuma ya paja hadi unyayoni, na nikipiga chafya hulazimika kung'ang'ania usukani kana kwamba nimechomwa msumari. Kipimo cha MRI kimeonyesha kuwa diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno imetokeza na kubana mshipa wa fahamu. Kliniki moja ya binafsi imenishauri niepuke upasuaji kwa kulalia kitanda cha mashine kinachovuta mgongo na kuuachia, vikao 20, kila kimoja shilingi 60,000, eti mvuto huo huinyonya diski irudi mahali pake. Sitaki kuuza pikipiki yangu kwa jambo nisilolielewa. Mwenye uzoefu anisaidie.

Mama wa Mbezi:
Pole sana, kaka. Nililalia kitanda cha aina hiyo kwa vikao 12, nikiwa nimefungwa mkanda mmoja kifuani na mwingine nyongani. Wakati wa kuvutwa nilisikia raha hata nikasinzia, lakini mara nyingi maumivu yalinirudia ndani ya daladala kabla sijafika nyumbani. Baadaye nilipona, ila kipindi hichohicho nilikuwa nikifanya mazoezi na nilikuwa nimeacha kubeba ndoo za maji, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kitanda ndicho kilichoniponya.

Mnyoosha Viungo (mtaalamu wa fiziotherapia):
Mashine hizi zinasifiwa kuliko zinavyostahili. Ni kweli kwamba mgongo ukivutwa shinikizo ndani ya diski linaweza kushuka, jambo ambalo watafiti Ramos na Martin walilipima kwa wagonjwa wachache mno na kulichapisha mwaka 1994. Lakini shinikizo kushuka ukiwa umelala ni jambo moja, na kupona ni jingine. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 32 yenye washiriki 2,762, yaliona kuwa kuvuta mgongo hakuleti tofauti ya maana, na mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unawaambia wahudumu wasitumie tiba hiyo kwa maumivu ya kiuno. Kliniki itajibu kwamba kitanda chake ni cha kisasa zaidi. Sawa, basi ilete ushahidi wake. Kuna jambo ambalo huenda hukuambiwa: diski iliyotokeza mara nyingi husinyaa yenyewe kwa muda wa miezi, na anayelalia kitanda wakati huo hukipa kitanda sifa zote.

Sasa nijibu kabla ya kulipa. Je, una ganzi, na iko kidole gani? Mkojo unatoka kama kawaida? Simama utembee kwa visigino, vidole vikiwa juu.

Dereva wa Tunduma:
Ganzi iko kidole gumba cha mguu wa kushoto. Haja zote ni za kawaida. Nimetembea kwa visigino hapa sebuleni: mguu wa kulia unaweza, lakini wa kushoto unyayo unadondoka, na mke wangu ndiye aliyeliona kwanza.

Mnyoosha Viungo:
Basi usilipe kitu. Unyayo kudondoka maana yake ni kwamba mshipa umeanza kupoteza nguvu, na hilo si la kusubiri vikao 20. Wiki hii hii tafuta rufaa ya kuonana na daktari bingwa wa uti wa mgongo, kwa mfano pale MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, na ubebe picha zenyewe za MRI, si ripoti peke yake. Mkojo ukigoma kutoka, au ganzi ikiingia katikati ya mapaja, nenda hospitali usiku huohuo. Lori liache kwanza, kwa sababu mguu huo ndio wa klachi.

Dereva wa Tunduma:
Nimeshampigia tajiri simu. Gari la kesho atalichukua mwenzangu.